Kabla ya Kununua Range Rover ya Zamani: Mambo ya Kukagua



Kamati za parokia huletewa mara kwa mara ofa ya namna hii: Range Rover ya zamani, yenye heshima zake, iliyokuwa ya afisa wa ubalozi au mfanyabiashara wa katikati ya jiji. Imeegeshwa Kivukoni, rangi inang'aa, na bei yake ni nafuu kuliko ya Land Cruiser. Kamati moja tunayoifahamu ilinunua gari la aina hiyo kwa fedha za zahanati. Masika yalipofika maji yaliingia sakafuni, injini ikachemka, na gari likalala gereji huko Gerezani kwa miezi mitano. Muda wote huo muuguzi alikwenda vijijini kwa pikipiki. Kosa halikuwa la gari. Kosa ni kwamba halikukaguliwa.

Gari hili lilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1970 likiwa na milango miwili. La milango minne lilifuata mwaka 1981, na toleo hilo la kwanza lilikoma kutengenezwa mwaka 1996. Kwa hiyo hata lililo changa kuliko yote lina miaka ipatayo 30. Lina springi za koili na huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, ndiyo maana hutulia kwenye barabara mbovu.

1. Karatasi kwanza
Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia. Namba ikiwa imekwaruzwa au imechomelewa, ondokeni. Jina la muuzaji na la kwenye kadi yawe moja. Kama gari liliingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, ulizeni Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kulipa, kwa kuwa kodi iliyosamehewa inaweza kudaiwa gari linapouzwa kwa asiye na msamaha.

2. Kutu
Wengi husema gari hili halioti kutu kwa sababu bodi yake ni ya alumini. Huo ni nusu ya ukweli. Sehemu kubwa ya bodi ya nje ni alumini, lakini chesisi, fremu ya ndani na mlango wa nyuma ni chuma. Pale chuma na alumini vinapokutana, unyevu huvila, na upepo wa chumvi wa bandarini huongeza kasi. Inueni kapeti mguse sakafu. Gongeni kwa bisibisi chini ya milango, sakafu ya buti na mwisho wa chesisi nyuma. Sumaku isiwadanganye: haitashika alumini hata ikiwa nzima.

3. Injini
Mengi yana injini ya petroli ya V8, ya lita 3.5 au 3.9. Fikeni asubuhi na mwombe muuzaji asiiwashe kabla yenu. Fungueni kifuniko cha oili: ute mweupe kama maziwa huashiria kwamba maji huenda yanaingia kwenye oili. Sikilizeni mlio wa kugongagonga juu ya injini usiokwisha baada ya kupata moto. Mara nyingi kemshafti imelika kwa kukosa kubadilishiwa oili. Kisha ingieni kwenye foleni ya Kariakoo saa za mchana. Silinda hedi za alumini hupinda injini ikichemka, na foleni ndiyo mtihani wake.

4. Giaboksi, difu na springi
Jaribuni gia nzito na loki ya difu, kama gari linaifungwa kwa mkono. Mkikanyaga na kuachia mafuta, mlio wa "ko!" chini ya gari ni dalili ya sehemu zilizolegea. Tazameni mipira ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele: ikivuja oili au ikiwa na vishimo, ni gharama. Baadhi ya magari ya miaka ya 1990 yana springi za upepo. Liacheni lilale usiku mmoja. Likiamka limeinama, mifuko ya upepo inavuja.

5. Mafuta na spea
V8 huenda takriban kilometa 5 hadi 6 kwa lita moja. Safari ya Morogoro, karibu kilometa 200, ni lita 35 hadi 40 kwenda tu. Injini ya dizeli ya 300Tdi hutumia karibu nusu ya hapo, na spea zake nyingi ni zilezile za Discovery na Defender. Kabla ya kulipa, chukueni orodha ya spea, mzunguke nayo maduka ya Gerezani na Kariakoo, mwandike bei. Spea za Toyota ni rahisi zaidi kupatikana, na kwa kazi ya kila siku ya zahanati hilo lina uzito mkubwa.

Kwa kamati tunashauri: fundi awe wenu, si wa dalali, ukaguzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na bei ya gari isimalize fedha zote, bali sehemu itengwe kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kwa wafadhili tunaomba: mnapochangia gari, changieni na matunzo yake. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Anayelipa ughali huo ni mgonjwa anayesubiri gari lisilofika.