Kwa Nini Heroe na Bibi Hupauka Pichani

Asubuhi moja ya kiangazi nilikaa ukingoni mwa Ziwa Singidani, heroe wamejaa kwenye maji ya magadi, waridi yao ikikolea kila jua lilipopanda kidogo. Jioni ya siku hiyohiyo nilikuwa kijijini, wilaya ya Ikungi, nikimpiga picha bibi mmoja aliyeketi kivulini akiegemea mlango wake wa mbao uliokolea moshi. Alijaza fremu nzima: uso, kilemba cheusi, mlango mweusi nyuma yake. Niliporudi nyumbani na kufungua kazi ya siku, heroe walikuwa na rangi ya maji ya jivu. Bibi naye nilimpelekea nakala yake wiki iliyofuata. Aliishika, akaitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu, mbona umenipausha hivi? Siku ile nilijipaka mafuta."

Alikuwa na haki ya kuuliza, na neno alilotumia ndilo lenyewe. Heroe walipauka, na yeye alipauka. Viumbe viwili vilivyo mbali kabisa kwa rangi, kimoja kikiwa karibu na weupe na kingine karibu na weusi, vilikutana kwenye jivu moja. Kosa lilikuwa moja pia, nami sikulijua mpaka nilipoziweka picha hizo mbili sambamba.

Ndani ya kila kamera, iwe ya bei ya ng'ombe kumi au iliyomo kwenye simu ya mkononi, mna kipima mwanga. Kazi yake ni kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu na kuamua picha ipewe mwanga kiasi gani. Lakini kipima mwanga hakijui kinachotazama. Kimefundishwa kuamini kwamba dunia, ukiikoroga yote pamoja, ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikiona magadi meupe na ndege weupe, hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza, na weupe hugeuka kijivu. Kikiona kilemba cheusi na mlango mweusi, hudhani mwanga umepungua, huuongeza, na weusi nao hugeuka kijivu. Kamera mpya zinazotambua uso zimejifunza kujisahihisha kwa kiasi, ila bado hukosea pale ambapo fremu karibu yote ni nyeupe au karibu yote ni nyeusi. Na Singida, yenye maziwa ya magadi na watu wa ngozi nyeusi inayong'aa, hali hizo mbili hukutana kila siku.

Dawa yake ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ambacho wamiliki wengi wa kamera hawajawahi kukigusa. Hatua moja ya kujumlisha huzidisha mwanga mara mbili. Hatua moja ya kutoa huupunguza nusu. Kila hatua imegawanywa mara tatu. Kwa heroe walio kwenye maji yanayong'aa naanza na kujumlisha hatua moja, na nyeupe ikitawala fremu nzima nasogea hadi moja na theluthi mbili. Kwa bibi aliyejaza fremu mbele ya mlango mweusi, natoa theluthi mbili, pengine hatua nzima. Lakini huyohuyo bibi akisimama uwanjani, anga jeupe la adhuhuri likiwa nyuma yake, hesabu inageuka: kamera itaona anga tu na kuuacha uso wake gizani, kwa hiyo utajumlisha hatua moja na theluthi. Mwenye simu aguse uso kwenye kioo, kisha aburute alama ya jua inayotokea pembeni, juu au chini, mpaka uso ufanane na ule anaouona kwa macho yake.

Kanuni hiyo haiishii kwa binadamu. Kusini mwa mkoa, kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, kuna palahala. Dume lake lililokomaa huwa jeusi tii, tumbo jeupe, pembe zimepinda kuelekea nyuma. Likisimama kwenye kivuli cha miombo na kujaza fremu, kamera italifanya la kahawia lililofifia. Litolee mwanga kama ulivyomtolea bibi, weusi wake urudi.

Swali la ngozi nyeusi lina historia, na mtu anayepiga picha huku kwetu anapaswa kuijua. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi zao kwa kutumia kadi ya mfano iliyosambazwa na kampuni ya Kodak. Kwenye kadi hiyo palikuwa na mwanamke mweupe, na kadi ikaitwa Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, aliyechapisha utafiti wake juu ya kadi hizo mwaka 2009, alionyesha jambo linalouma: filamu ilipoanza kuboreshwa ili ionyeshe vizuri rangi za kahawia, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri kwenye matangazo. Kilio cha watu weusi waliotoka kwenye picha za shule wakiwa macho na meno tu hakikuwa kimesikilizwa. Leo kazi imesonga mbele. Mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 yenye programu iliyopangwa mahususi kwa ngozi za rangi mbalimbali, na mwaka 2022 wakaanza kutumia kipimo cha rangi kumi za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Harvard. Hata hivyo, mashine bado haijamwona bibi wa Ikungi. Wewe umemwona.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Ukiimulika kwa taa ndogo kali, kama fleshi ya juu ya kamera, unapata doa jeupe kwenye paji la uso na pua, na kwingine giza. Inachotaka ni mwanga mpana na laini, unaotoka upande mmoja. Nyumba zetu zinao tayari. Mweke mtu hatua moja ndani ya mlango, atazame nje, wewe ukiwa nje pembeni kidogo ili usimzibe. Uwanja uliofagiwa utarusha mwanga kutoka chini hadi kwenye kidevu na machoni. Udongo wetu mwekundu utaongeza joto la rangi ambalo hakuna taa ya studio inayolitoa kwa urahisi. Ukiona upande mmoja wa uso umezama mno, mwombe mtoto ashike kiroba cheupe upande huo. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha nyingi kati ya zile zilizompa jina duniani uani kwake, kwa mwanga wa jua, akitundika shuka la kitandani nyuma ya mteja. Mng'ao wa nyuso zile mpaka leo wengi wenye vifaa vya gharama hawajaufikia.

Kuhusu lenzi ya sura, sina mengi. Simama mita moja na nusu au mbili kutoka kwa mtu, ndipo pua na masikio vinakaa kwenye uwiano wake; ukimsogelea kwa simu hadi umbali wa mkono, pua huvimba. Lenzi ya milimita 85, au ya milimita 50 kwenye kamera ya kihisi kidogo, inatosha maisha yote. Jihadhari tu na tamaa ya kufungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Milimita 85 kwenye f/1.8, kwa mita moja na nusu, na kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani, inakupa kina cha ukali kisichofika sentimita 4: jicho moja kali, jingine ukungu. Funga hadi f/4, kina kinazidi mara mbili, na mikunjo ya uso wa mzee, ambayo ndiyo iliyokupeleka kwake, inasomeka.

Na kabla ya yote hayo, shikamoo kwanza, kamera ikiwa begani. Omba ruhusa, eleza picha inakwenda wapi, na nakala irudi kwa mwenyewe. Hili ni zito zaidi kwa jamii zinazopigwa picha na kila mpita njia, kama Wahadzabe wa Mkalama. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili haliachwi tena kwenye adabu peke yake.

Sasa turudi ziwani, maana huko saa ndiyo inayoamua. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nao mji wa Singida uko karibu na nyuzi 34 na robo tatu. Kila nyuzi moja ya tofauti ni dakika nne. Kwa hiyo jua letu limechelewa dakika kama 41 nyuma ya saa ya ukutani, na dakika kama 18 nyuma ya jua la Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Novemba jua hutoka kama saa 12 na robo asubuhi; Februari hukaribia saa moja kasoro dakika kumi. Anayetega saa kwa mazoea ya Dar atafika ukingoni na kukuta giza, apige picha chache zenye chengachenga, kisha aondoke kwenda kunywa chai wakati mwanga wenyewe ndio unaingia. Na mwanga huo haukai. Huku karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Mwanga wa dhahabu ambao watu wa Ulaya huufurahia jioni nzima ya kiangazi, sisi tunapewa saa moja, au saa moja na robo. Baada ya hapo mazigazi huanza kucheza juu ya maji, na hakuna lenzi inayoweza kutoa picha kali kupitia hewa inayochemka.

Kaa ukingo wa mashariki. Asubuhi jua liko mgongoni mwako, na upepo wa Singida, ambao mara nyingi huvuma kutoka mashariki, nao uko mgongoni. Heroe huruka akielekea upepo, baada ya kukimbia hatua kadhaa juu ya maji. Akiamua kuondoka mwenyewe, atainuka akikujia wewe, jua limemwangaza kifua na chini ya mabawa, pale penye wekundu mkali. Weka kasi ya shata sehemu moja ya 2,000 ya sekunde na uache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande. Chengachenga zinasafishika, mtikisiko hausafishiki. Nimesema akiamua mwenyewe. Wapo wanaotupa mawe ili wapate picha ya kundi likiruka. Ndege hawa hula viumbe vidogo mno vinavyochujwa majini kwa midomo iliyopinduliwa, na nguvu ya kuruka huichuma tone kwa tone. Wengi wao watahitaji kufika Ziwa Natron, mahali pekee Afrika Mashariki panapotegemewa na heroe wadogo kutaga. Kumrusha kwa ajili ya picha ni kumwibia.

Ndiyo maana hapa, tofauti na kwa bibi, urefu wa lenzi una maana. Heroe mdogo ana kimo cha sentimita 90 hivi. Akiwa mita 60 kutoka kwako, lenzi ya milimita 300 kwenye kamera ya kihisi kidogo itampa chini ya theluthi ya kimo cha picha. Inatosha kundi na ziwa lake. Ukimtaka mmoja na mdomo wake mwekundu wa giza, unahitaji 600, na zile za milimita 150 hadi 600 za Sigma na Tamron ndizo zinazopatikana kwa mtumba mara nyingi. Ukinunua mtumba uliotoka pwani, pitisha tochi ndani ya vioo utafute kuvu, nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hewa kavu ya kwetu haianzishi kuvu kwa urahisi, lakini haiondoi iliyokwisha kuota. Adui wa Singida ni vumbi na magadi. Usibadilishe lenzi ukingoni upepo ukivuma, na ukirudi futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi. Stendi ya miguu mitatu huzama kwenye tope. Mimi nalaza lenzi juu ya mfuko wa kitenge uliojazwa alizeti, mwepesi, na haukosekani mkoani.

Nilirudi kwa bibi. Nilimweka mlangoni, nikatoa mwanga, na safari hii alipoitazama picha kwenye kioo cha kamera alicheka kwa sauti. Kisha akanyanyuka, akaingia zizini, akarudi amekumbatia mbuzi mweupe pee.

"Na huyu. Pamoja na mimi."

Uso mweusi na mbuzi mweupe katika fremu moja: ukimtolea mmoja, unampausha mwingine. Niliwahamishia wote kivulini, ambako tofauti kati yao hupungua. Niliiweka kamera kwenye faili ghafi, lenye ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi badala ya 256 za faili la kawaida, nikampimia mbuzi, mpaka grafu ya mwanga ikakaribia ukuta wa kulia bila kuugusa, kwa sababu weupe ukishaungua haurudi. Nyumbani niliuinua uso wa bibi polepole kutoka kivulini, hatua moja na theluthi, mpaka mafuta aliyojipaka yakaonekana.