Eden Gardens na Mashabiki Wake

Eden Gardens ni uwanja wa kriketi ulio katikati ya jiji la Kolkata, mashariki mwa India, jirani na Mahakama Kuu na mto Hooghly. Ulianzishwa mwaka 1864. Jina lake linatokana na ukoo wa George Eden, Lord Auckland, aliyekuwa gavana mkuu enzi za Waingereza.

Kufika huko si kazi. Treni ya chini ya ardhi hushusha abiria Esplanade, na kutoka hapo watu humalizia safari kwa miguu kandokando ya Maidan, uwanda mpana ulio wazi. Ukiwa jijini humo, usikose kuonja jhalmuri: bisi za mchele, kitunguu, pilipili mbichi na mafuta ya haradali, hutikiswa pamoja ndani ya kopo kisha humiminwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa. Ni vyema kula kabla ya kuingia, maana ukaguzi wa mlangoni siku ya mechi kubwa ni mkali.

Mashabiki wa hapa hawana simile. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 1996, India ilikuwa na mikimbio 120 ikiwa imepoteza wiketi 8, ikifukuzia 252, chupa zilipoanza kurushwa na moto kuwashwa majukwaani. Sri Lanka ikapewa ushindi. Mwaka 1999 polisi waliwatoa watazamaji nje, na mechi ya India na Pakistan ikamalizikia mbele ya viti vitupu.

Lakini umati huohuo ndio ulioshuhudia maajabu ya Machi 2001. India, ikiwa nyuma kwa mikimbio 274, ililazimishwa na Australia kupiga tena. VVS Laxman na Rahul Dravid wakapiga siku ya nne nzima bila kutolewa. Laxman alimaliza na 281, Dravid 180. India ikashinda kwa mikimbio 171. Ni vigumu kutaja mechi iliyoupa uwanja huu heshima kuliko hiyo.

Baada ya ukarabati wa Kombe la Dunia la 2011, uwanja uliokuwa ukijaza karibu watu laki moja sasa hauchukui hata 70,000.

Kenya nayo imecheza hapo. Mei 1998, siku chache baada ya kuishangaza India mjini Gwalior, ilikutana nayo tena Eden Gardens kwenye fainali ya mashindano ya nchi tatu. Sachin Tendulkar alipiga mikimbio 100 bila kutolewa, na India ikashinda kwa wiketi 9.