Goma: Wimbo unapigwa redioni, mfuko unabaki mtupu

Kwa mwanamuziki anayejitegemea mjini Goma, kupeleka wimbo redioni kungali na faida, lakini si ya pesa. Katika vijiji vya Masisi na Walikale, ambako intaneti ni shida, redio ndiyo inayomjulisha kwa watu. SOCODA, iliyoundwa mwaka 2011, ndiyo yenye kazi ya kukusanya haki za watunzi, ila wasanii wengi wanalalamika kwamba hawaoni kitu. Tena kuna watangazaji wanaoomba matabishi kabla ya kupiga wimbo. Msanii anayelipa bila kuwa na tamasha karibu anapoteza. Afadhali pesa hiyo ilipie ukumbi: waliozoea sauti yake redioni ndio watakaonunua tikiti.