Volti Tano Zinazopotea Njiani

Tangu mwaka 2012, taasisi ya Raspberry Pi ya mjini Cambridge, Uingereza, ilipotoa kompyuta yake ya kwanza yenye ukubwa wa kadi ya benki, wapenzi wengi wa kompyuta wamepata chombo cha kujifunzia ambacho hapo zamani kingewagharimu mali nyingi. Na ithibati ya manufaa yake hapa Tanzania ilionekana katika shule za sekondari za wilaya ya Karatu, ambako shirika la Powering Potential lilizifunga kompyuta hizo zikaendeshwa kwa nguvu ya jua. Lakini hapa kwetu Katavi, mkoa ambao kwa miaka mingi mji wake wa Mpanda ulitegemea majenereta ya dizeli, na ambao vijiji vyake vingi hata leo huwasha taa kwa sola, swali linaloulizwa aghalabu halihusu programu hata kidogo. Watu huuliza kwa nini kompyuta hujizima na kujiwasha yenyewe, au huganda katikati ya kazi, au huharibu kadi yake ya kumbukumbu, ilhali chaja ni nzima na taa yake inawaka.

Jawabu, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, limo ndani ya waya.

Umeme wa kawaida wa USB ni wa volti 5, na kompyuta hii huanza kulalamika, kwa kuonyesha alama ya radi pembeni mwa kioo, mara volti zinapoteremka chini ya 4.63. Simu ya mkononi haidhuriki kwa upungufu huo, kwa kuwa ina betri yake ndani, na ikipewa kidogo hukawia tu kujaa. Bali kompyuta ndogo haina akiba yoyote, na kila inachokitumia sharti kifike saa ile ile kinapohitajiwa. Ndiyo maana chaja iliyokutumikia miaka mitatu kwa simu yaweza kukuaibisha siku ya kwanza.

Sasa tuutazame waya wenyewe kwa karibu. Nyaya nyingi za bei nafuu zina nyuzi za shaba za kipimo cha 28, na aghalabu kipimo hicho kimepigwa chapa kwa herufi ndogo juu ya ganda lake. Kadiri nambari inavyokuwa ndogo ndivyo waya unavyokuwa mnene. Mita moja ya uzi wa kipimo hicho ina ukinzani wa takriban omu 0.21, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, waya wa mita moja una omu 0.42 au zaidi, mbali na ukinzani wa vichwa vyake. Kompyuta ikivuta ampea 1.5, volti 0.6 na ushei hupotea humo, na hata ukianza na volti 5.1, ambazo ndizo watengenezaji huziweka katika adapta yao wakizingatia hasara hiyo, kinachofika ni chini ya 4.5. Waya wa kipimo cha 20, kwa urefu ule ule na mzigo ule ule, hupoteza takriban volti 0.1 tu. Fauka ya hayo, zipo nyaya ambazo ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hizo hali yake ni mbaya zaidi.

Mahitaji nayo yamekuwa yakipanda. Toleo la kwanza liliridhika na ampea 0.7, la tatu likashauriwa kupewa 2.5, la nne 3, na la tano, la mwaka 2023, linataka 5, na likipewa 3 hubana lenyewe matundu yake ya USB yasitoe zaidi ya ampea 0.6 kwa jumla. Katika toleo la nne matundu yote manne hugawana ampea 1.2. Kibodi na kipanya huchukua kidogo sana, lakini diski ya nje yenye sahani inayozunguka yaweza kutaka karibu ampea nzima inapoanza kuzunguka, na hapo vifaa husongamana kama viboko wa Mto Katuma wakati wa kiangazi, kila mmoja akigombea maji yaliyosalia. Dawa yake ni kigawanyio cha USB chenye adapta yake chenyewe, kisichorudisha umeme nyuma kuelekea kwenye kompyuta.

Kwa mtu wa Karema au Inyonga, huku kwetu Katavi, mwenye paneli na betri ya volti 12, nasihi yangu kubwa ni hii: usivute volti 5 kutoka kwenye betri iliyo pembeni mwa nyumba hadi mezani kwako. Vuta zile 12, kisha ukiweke kigeuza umeme cha kushusha hadi 5 karibu kabisa na kompyuta, kwa waya mfupi na mnene. Wati zile zile 7.5, ambazo kwa volti 5 ni ampea 1.5, kwa volti 12 ni ampea 0.63 tu, na upungufu kidogo wa njiani kigeuza umeme chenyewe huustahimili. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, hutoa takriban wati-saa 600, zinazotosha kuiendesha kompyuta ya wati 6 kwa muda unaokaribia saa 100, ukiacha kile kinacholiwa na kigeuzi. Kioo kikubwa ndicho mlaji hasa, na masika, mawingu yanapokaa siku nyingi, afadhali kukizima.

Ukitaka yakini, andika kwenye kompyuta amri ya vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme haukupungua tangu ilipowashwa. Ikijibu 0x50000, ulipungua hapo nyuma na kompyuta ikapunguza kasi yake, hata kama hukuiona ile alama ya radi. Badilisha waya kwanza, uwashe upya, uipe kazi nzito kwa nusu saa, kisha uulize tena kabla hujatoa fedha kununua adapta nyingine.