Trekta kuukuu lapata injini ya Mchina

Na Mwandishi Wetu, Indiana, Marekani

KIPYA kinyemi ingawa ni kidonda. Methali hiyo ya wahenga tuliikumbuka trekta letu dogo la kukatia majani lilipozimika katikati ya kiwanja cha mteja, moshi wa bluu umetanda kila upande.

Ndugu msomaji, kalamu iliyotufanya tukimbie nchi yetu hailipi kodi ya nyumba huku ugenini. Kinachotulisha ni kukata majani katika viwanja vya watu, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Trekta likilala, nasi tunalala njaa.

Trekta lenyewe ni Wheel Horse la miaka ya 1970. Kampuni hiyo ilianzishwa na familia ya Pond mwaka 1946, mjini South Bend, hapa hapa Indiana, na mwaka 1986 ikanunuliwa na Toro. Injini yake ni Kohler K181, silinda moja ya chuma kizito, cc 305, nguvu za farasi 8. Ilikuwa imeanza kula oili, na gharama ya kuifufua ilizidi bei tuliyolinunulia trekta zima. Tukanunua injini mpya ya Kichina ya cc 420, nguvu za farasi 13, iliyoigwa kutoka Honda GX390.

Tulimwita mzee mmoja wa Kigoma, fundi wa magari wa siku nyingi. Alipotusikia tukisifu farasi 13 akacheka. "Mwanangu, usihesabu farasi. Hesabu shafti, mkanda na waya."

Shafti ilitupa bahati. Zote mbili ni za inchi 1, hivyo puli ya zamani iliingia bila taabu. Wanaonunua injini ndogo ya cc 212 hukuta shafti ya robo tatu ya inchi, puli ikabaki inacheza.

Mkanda ulitula siku nzima. Matundu ya bolti ya injini hizi mbili hayalingani. Tukataka kutoboa fremu, mzee akakataa katakata. Akakata bamba nene la chuma, akalifunga kwenye matundu ya zamani na kuikalisha injini juu yake. Kisha akaweka rula ndefu ya chuma kwenye puli zote mbili kuona kama zimenyooka. Katika trekta hili klachi ni mkanda wenyewe, ukikanyaga pedali unalegea. Puli zikipishana, mkanda hulika ubavuni na kuruka.

Waya nusura utuponze. Injini ya zamani hupata moto wa plagi kutoka kwenye betri, kupitia koili na platini. Ukiwasha swichi, umeme unakwenda kwenye koili. Mpya huzalisha moto wake yenyewe, na waya wake mmoja ni wa kuzimia tu: ukigusishwa na bodi, injini inazima. Tulikuwa tumeshika waya wa zamani tukitaka kuuunga hapo, mzee akatudaka mkono. "Ukipeleka umeme wa betri humo, umechoma koili!"

Aidha, injini hizi huuzwa zikiwa kavu. Ukivuta kamba kabla ya kutia oili, unaziharibu. Wasomaji wetu wa nyumbani wenye pampu za umwagiliaji zinazotumia injini za aina hii wazingatie hilo.

Ilipowaka, mzee alituonya tusikokote mizigo mizito, kwani gia zile zilitengenezwa kwa farasi 8. Jumatatu tulirudi kwa mteja tukamalizia kiwanja chake.

Kohler hatukuitupa. Tumeipaka grisi na kuihifadhi sandukuni, kwani silinda yake inaweza kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Tulimuuliza mzee kwa nini alikataa fremu isitobolewe.

"Mwenyewe akirudi," alijibu, "akute nafasi yake ipo."

Wengine huku tulimwelewa haraka.