Kuziba Nyufa na Matundu ya Mbao Nyumbani

Ewe mkulima, katika nchi ya Bukene mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, kisha hufuata miezi mingi ya ukavu. Mlango uliovimba na kukwama wakati wa mvua hunywea wakati wa kiangazi, na nyufa zikaonekana. Sanduku la nguo hufunguka maungio, na nguzo ya kihenge huonyesha matundu madogo yenye unga. Mtu akiona hayo hutwaa udongo au saruji akaziba upesi, na mwaka wa pili hulazimika kuanza tena. Karatasi hii yaeleza namna ya kuziba kazi ikadumu. Neno lililo kubwa ni hili: kuziba ni kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni kujua tundu limetoka wapi.

1. Tafuta sababu

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni ukavu: ufa hufuata uzi wa mbao, ni mrefu na mwembamba, na ndani yake mbao ni ngumu. Ya pili ni kuoza: mbao ni laini, na ncha ya kisu huingia bila nguvu. Ya tatu ni wadudu: matundu ni ya mviringo, na chini yake huanguka unga.

Ili ujue kama wadudu wangali hai, fagia unga wote, zungushia kila tundu alama ya mkaa, kisha tandika kitambaa cheusi chini yake. Tazama tena baada ya juma moja. Ukiona unga mpya, wadudu wamo kazini, wala haifai kuziba. Ukiziba, watatoboa mahali pengine.

Fahamu pia kwamba katika mti kama mninga, mbao nyekundu ya kiini hustahimili wadudu, bali mbao nyeupe ya nje huliwa upesi. Ununuapo ubao, chagua wa kiini.

2. Hatari iliyo katika kihenge

Mkoa wa Tabora una sababu ya kuangalia sana jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia huku dumuzi, mdudu ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, na habari zake zikatangazwa mwaka 1981. Watu wengi walimwita Scania. Urefu wake ni kama milimita 3 hadi 4 tu, lakini hugeuza mahindi na makopa kuwa unga mtupu. Tena hupekecha mbao kavu, naye aweza kujificha humo wakati kihenge ki tupu, akingoja mavuno mapya.

Basi kabla ya kuvuna, toa masalio yote ya nafaka uyachome moto. Kagua nguzo, fito na mlango wa kihenge. Mti uliopekechwa usiuzibe: uondoe, uuchome, utie mwingine. Kisha ndipo uzibe nyufa za mbao zilizo nzima, ili kusiwe na maficho. Lakini usidhani kuziba pekee kutamzuia dumuzi, maana hutoboa hata palipozibwa. Pukuchua mahindi, uyakaushe vema, na utumie dawa ya ghalani kama atakavyokuelekeza bwana shamba.

3. Chagua cha kuzibia

*Kipande cha mbao.* Ufa mpana kuliko unene wa kidole cha mtoto uzibwe kwa mbao yenyewe. Chonga kipande chembamba cha mti wa namna ile ile, uzi wake uelekee sawasawa na wa ubao. Kipake gundi upande mmoja tu, ili ubao upate nafasi ya kuvimba na kunywea. Usikigongomee kama kabari, maana utazidi kupasua.

*Unga wa mbao na gundi.* Huu wafaa kwa matundu ya misumari na nyufa ndogo za viti, meza na masanduku ya ndani. Chukua unga wa msumeno wa mti ule ule, uchunge kwa kitambaa, uchanganye na gundi nyeupe ya seremala hata uwe mgumu kama ugali. Jaribu kwanza juu ya kipande kibovu, kwa kuwa rangi yake hubadilika ikikauka. Gundi hii haistahimili mvua. Tena unga wa mninga huwasha pua na ngozi. Funga kitambaa usoni.

*Nta ya nyuki.* Nta haikosekani katika nchi hii ya mizinga. Huyeyuka penye joto la nyuzi 62 hadi 65 za sentigredi, nayo hushika moto kwa urahisi. Kwa hiyo iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Changanya na unga laini wa mbao, ujaze ufa ingali vuguvugu. Nta haiwi ngumu kama gundi. Kwa hiyo yafaa kwa ufa mwembamba unaofunguka na kufungika kila mwaka. Lakini hulainika juani, na rangi haishiki juu yake. Ipakwe mwisho, mahali penye kivuli.

*Puti,* yaani unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya kitani. Hii ni ya madirisha na mbao za nje zitakazopakwa rangi. Paka kwanza rangi ya mafuta ndani ya ufa, ama sivyo mbao kavu itanyonya mafuta, na puti itamomonyoka.

Udongo na saruji havifai. Mbao hutembea, saruji haitembei. Huachana, maji yakaingia nyuma yake. Na udongo huwapa mchwa njia iliyofunikwa.

4. Namna ya kutia

Ubao wa nje uache ukauke kwanza baada ya mvua, lakini usingoje ukali wa Oktoba. Ufa ukijazwa kwa kitu kigumu wakati umefunguka kabisa, mvua zijapo mbao huvimba na kukisukuma nje.

Kwangua uchafu na mbao iliyooza hata ufikie iliyo ngumu. Tia kidogo kidogo, ukishindilia kwa kisu. Shimo refu lijazwe kwa safu, kila safu ikauke kabla ya nyingine. Acha juu painuke kidogo, ngoja siku nzima, kisha piga msasa ukifuata uzi wa mbao.

5. Vitu visivyozibwa

Kizibio hakirudishi nguvu ya mbao. Mpini wa jembe au wa shoka uliopasuka usiuzibe. Tia mpini mpya. Chuma kikichomoka katika mpini uliopambwa kwa gundi, chaweza kumpiga mwenzako au mtoto. Vivyo hivyo kipago cha ngazi na nguzo ibebayo paa. Na kinu au mwiko usizibwe kwa gundi wala puti, kwa kuwa hivyo hugusa chakula.

Kumbuka basi: tazama sababu, ondoa wadudu na uozo, kausha, ndipo uzibe. Afanyaye hivyo ataokoa ubao, na pengine mahindi ya mwaka mzima.