Sura ya Nne: Mfanyabiashara Anapokuja Chuoni

Nilipoipanga sura hii nilitaka kusahihisha dhana tatu potofu kuhusu mihadhara inayowakutanisha wafanyabiashara na wanafunzi wa vyuo vikuu. Ya kwanza ndiyo sugu kuliko zote: kwamba mgeni amekuja na siri. Nimehudhuria mihadhara mingi ya aina hii, na swali la kwanza huwa lilelile: "Mzee wetu, siri ya mafanikio yako ni nini?" Mgeni hujibu kwa adabu: nidhamu, kumcha Mungu, kuamka saa kumi alfajiri. Ukumbi hupiga makofi, watu wakatawanyika mikono mitupu.

Kuamka alfajiri si siri. Mama anayepalilia pamba Shishiyu, wilayani Maswa, huwa shambani kabla jua halijachomoza, lakini bei ya pamba yake hupangwa na wengine. Anayemfundisha kijana kwamba utajiri huja kwa kuuwaza kila asubuhi hana tofauti na mganga anayeuza dawa ya mvuto wa biashara. Wote wawili huuza tumaini, na hakuna anayefungua daftari la hesabu.

Mgeni aulizwe hesabu. Chukua mwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Simiyu. Kilo 100 za pamba mbegu humpa nyuzi kilo 35 hadi 40 hivi. Sehemu kubwa ya inayobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta na kuacha mashudu ya kulishia ng'ombe. Tofauti ya kilo mbili tu za nyuzi katika kila 100, kwa tani 1,000 alizonunua, ni tani 20. Sasa ongeza pamba iliyomwagiwa maji au kutiwa mchanga ili ivute mzani, na pamba fifi (ya daraja la chini) iliyochanganywa na safi: analipia uzito ambao hatauuza. Halafu kuna muda. Msimu wa ununuzi hufunguliwa Mei, na ndani ya miezi michache inambidi awe na fedha za kununua pamba yote atakayochambua mwaka huo. Nyuzi huziuza polepole, kwa bei ya soko la dunia inayohesabiwa kwa senti za Marekani kwa ratili, huku riba ya benki ikiendelea kupanda. Msimu ukiisha mashine husimama, lakini mlinzi na fundi wanadai mishahara. Mwanafunzi wa uhasibu akiuliza, "Mashine zako husimama miezi mingapi, na nani analipia miezi hiyo?" mgeni ataacha kuhubiri na kuanza kufundisha.

Pamba imenichukulia nafasi, kwa hiyo dhana mbili zilizobaki nazitaja kwa ufupi. Mgeni si lazima awe bilionea: vijana wa Maswa walioanzisha utengenezaji wa chaki wanajua mengi kuhusu malighafi, vifungashio na wateja wanaochelewa kulipa. Na mhadhara si usaili wa kazi. Bahasha ya vyeti iache bwenini.

Wewe mwanafunzi unayetoka Simiyu, ukirudi nyumbani msimu wa pamba, kaa siku nzima kwenye mzani wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) cha kijijini kwenu. Andika kilo, daraja na bei. Mgeni mwingine akija chuoni, nenda na daftari hilo, ukae viti vya mbele.